Fimbo ya Mzee Ngassa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa filimbi, koti la kaki na lindo, yaani mahali pa kusimama ambapo mlinzi habanduki hata mvua ya mawe inyeshe. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga, wakoloni wangali wanatutawala. Baadaye nikawa mnyapara wa walinzi.

Ninyi vijana mnadhani ghasia za mpirani zimeanza juzi. Wachimba dhahabu wa Geita walikuwa wakija kwa lori kucheza na wanachuo, na pombe walikuja nayo. Mkuu wa Chuo, Mzungu, akaniita.

"Wakileta fujo, utafanya nini?"

"Tutapuliza filimbi, Bwana Mkuu, tuwatoe wanachuo kwa mlango wa nyuma."

"Haitoshi. Fimbo zote zibaki mlangoni. Hakuna fimbo, hakuna vita."

Niliona ni busara. Lakini Usukumani mwanamume hatembei bila fimbo, na fimbo ya mtu inajulikana kama uso wake. Siku ya mechi Mzee Ngassa, jirani yetu mfuga ng'ombe aliyekuja kutazama, alinipa yake shingo upande.

"Nakuachia wewe, ng'wanawane, mwanangu. Wewe, si chuo."

Kipindi cha pili golikipa wetu, Masanja, alidaka penalti. Wachimbaji hawakuvamia uwanja kwanza. Walivamia lile rundo la fimbo pale mlangoni, kila mmoja akanyakua iliyokuwa karibu. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikachanika. Wanachuo walitoka kwa mlango wa nyuma, isipokuwa Masanja. Alifia golini.

Wachimbaji walidandia lori lao wakatokomea. Fimbo iliyokutwa na damu ilikuwa ya Mzee Ngassa, na majirani wote waliitambua. Nilimweleza Hakimu kwamba mzee alikuwa mikono mitupu, fimbo ilikuwa kwangu kwa amri ya Mkuu. Mkuu akasema hakumbuki amri hiyo. Ngassa akafungwa, Mkuu akapandishwa cheo. Roho inaniuma mpaka leo, na siwezi kuwasifia kazi ile.

Nilipostaafu, chuo kilinizawadia fimbo ya mpingo, imenakshiwa vizuri. Nikampelekea Ngassa, aliyekwisha kutoka kifungoni na kukuta zizi tupu.

"Shikamoo, mzee."

Aliipapasa ile fimbo toka juu hadi chini, kisha akanirudishia.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu nilikuachia wewe."