Ramani Iliyomeza Migomba ya Jirani

Kadi ile niliihamisha mimi. Naanza na hilo kabla hamjanisifu kwamba nimeandika kwa huzuni. Mzee aliyepakana na shule ya msingi hapa Masoko amezikwa Jumamosi, na wengi mnaosoma gazeti hili la ukutani mnamkumbuka kwa kuwanyang'anya mipira. Mimi namkumbuka kwa volkano.

Walimu wa mdogo wangu walileta mchezo wa simu. Kadi zenye picha zinabandikwa kwenye miti ya shule, watoto wanatoka darasani, wanaielekezea kadi simu, na kwenye kioo mlima unalipuka palepale. Nikaona utanoga zaidi nikibandua kadi moja na kuibandika kwenye mgomba wa mzee, ndani kabisa ya shamba lake. Darasa la tano likaingia lote, simu mbele. Mzee akatoka na panga.

“Mnapima nini?”

“Shikamoo mzee. Ni mchezo tu, wanajifunza volkano,” mwalimu akasema.

“Marahaba. Waliopima shamba la kaka yangu, likachukuliwa, nao walianza na shikamoo.”

Nyuma ya uzio nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini simu ilikuwa imehifadhi mahali pa kila kadi, ikaziunganisha kwa mstari mwekundu, na ramani ikabandikwa ofisini: “Eneo letu la kujifunzia.” Migomba ya mzee ikawa ndani ya mstari. Mjukuu wake anayesoma hapo akamsimulia. Tangu siku hiyo kigoda chake kikahamia mpakani, na kliniki ya presha akawa haendi, eti akirudi atakuta uzio umesogea. Sisemi ndicho kilichomuua. Presha alikuwa nayo kabla sijazaliwa. Nasema tu kwamba nilipita pale kila siku, nikamwamkia, naye akaitikia huku akiitazama mifuko yangu kama kuna simu.

Tulimwita mshamba. Siku hizi nami najiuliza, simu ikijua ulipo, nani mwingine anajua? Mchezo huenda haukuwa na nia mbaya, ila mstari ulichorwa na hakuna mtu mzima aliyeukagua kwa miguu. Msibani wanawe waliulizana kwa sauti ya chini ni lini shule itakuja kuchukua shamba. Ramani bado ipo ukutani. Nilichojifunza ni kutouamini mstari nisiomjua aliyeuchora, maana anaweza kuwa mjinga kama mimi.

Nilimsomea mama haya yote, nikisubiri aseme najua kuandika. Akasema, “Wanawe hawasomi gazeti la ukutani. Vaa viatu, twende ukawaambie.”