Namba za Jioni Niliziandika Jikoni

Siku ya ule mkutano kanisani sijaisahau, mwanangu, hata harufu ya makoti yaliyolowa mvua. Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na saba, na watu wananiambia nasaha ni za wenye mvi. Basi wao wangoje mvi. Mimi nimezika mtoto, na hilo linanitosha kukaa chini nikwambie ukweli, Cherop, usije ukakua useme hakuna mtu alikuonya.

Dada yako Chebet hakufa kwa mafuriko. Alikufa kwa maji ya kunywa, na maji hayo yalipata ruhusa kwa mkono wangu.

Nilimaliza kidato cha nne kule Merigi, nikaolewa huku karibu na Kiptere, na kazi ilikuwa chai tu: kuchuma, kubeba, kupanga foleni. Halafu wakaja watu wa maji. Walitaka kujua mto wetu unavyotembea na unavyochafuka, ili watengeneze mto mwingine ndani ya kompyuta, mto wa hesabu. Huo ukiuuliza, "Mvua ikinyesha hivi, maji yatakuwaje?", unakujibu. Injinia wao, kijana mmoja anaitwa Rotich, alinieleza vizuri. "Mama Chebet," akasema, "kompyuta haina macho. Macho ni wewe."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, unashuka mtoni. Unasoma rula ndefu ya chuma waliyoisimamisha majini. Halafu unachota maji kwa jagi na kuyamimina polepole kwa mrija mrefu wa plastiki, unaoona ndani, wenye alama nyeusi chini. Mrija ukijaa na bado unaiona alama, maji ni safi. Alama ikipotea mapema, hayo ni matope. Unaandika namba mbili kwa daftari, unazituma kwa simu, unaenda zako.

Sasa huku kwetu mvua ina saa yake, unaijua. Asubuhi ni jua, majani ya chai yanang'aa. Saa nane mawingu yanashuka, saa tisa inamwagika. Kwa hivyo mto wa jioni si mto wa asubuhi. Unakuja mwekundu, umebeba udongo wa mashamba, mavi ya ng'ombe, na vitu vya vyoo ambavyo sitaki kuvitaja. Hiyo namba ya jioni ndiyo walikuwa wanaitaka zaidi.

Na jioni ndiyo saa lori ya chai inakuja. Nilikuwa nasimama foleni na gunia la majani, Chebet mgongoni, nimelowa, na njia ya mtoni inateleza kama sabuni. Siku ya kwanza niliyoacha kushuka nilijiambia ni leo tu. Nikaitazama namba ya asubuhi, nikaisogeza kidogo isionekane ni ile ile, nikaituma huku nasonga ugali. Hakuna aliyeuliza. Kesho yake hivyo hivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuniambia kwamba ukiwa ndani yake unaiona barabara kuu. Mwezi ukaisha, msimu mzima wa mvua ukaisha, mimi na mwiko mkono mmoja, simu mkono mwingine, naandika mto nisiouona. Nilijiona mjanja, kweli.

Mtu mmoja tu aliona. Ni Gogo Taprandich, yule mama mzee ambaye shamba lake linaishia mtoni. Asubuhi moja alinisimamisha kwa ua wake.

"Wewe msichana wa kalamu! Siku hizi jioni unapitia wapi?"

"Napitia tu hapa, Gogo."

"Unaruka kama kwale? Matope yangu hayana mguu wako."

Nikacheka. "Ai, Gogo, umekuwa askari wa matope?"

Yeye hakucheka. "Zamani hapa hakuna mama alichota maji baada ya mvua," akasema. "Tulichota alfajiri, yakakaa kwa mtungi mpaka kesho. Mimi mama yangu alinichapa na fimbo kwa sababu ya debe moja la jioni. Huo mto ukiuangalia jioni unaogopa. Na wewe umelipwa uuangalie."

Nikamwambia sawa, Gogo, nimesikia. Sikuwa nimesikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliandika hiyo kwa insha shuleni tukapewa alama. Guu langu ni zima hadi leo. Afadhali lingevunjika hilo.

Basi ukaja huo mkutano. Kijiji kilikuwa kimepata tenki kubwa pale kilimani na injini ya kupandisha maji kutoka mtoni, na swali lilikuwa moja: injini iwashwe saa ngapi? Mwenyekiti wa kamati alitaka jioni, kwa sababu Kiprono mwenye kuiwasha anachuma chai mpaka saa kumi. Rotich akafungua kompyuta yake, akatuonyesha mistari miwili, wa asubuhi na wa jioni, imelaliana kama watoto kwa kitanda kimoja. "Tofauti ni ndogo sana," akasema. "Washeni jioni. Dawa ya kuua viini, kipimo ni kile kile."

Mwenyekiti akasema nipigiwe makofi, eti macho ya kijiji. Chebet alikuwa amekaa mapajani mwangu. Na yeye akapiga makofi.

Gogo Taprandich akasimama. "Hiyo mashine yako imewahi kulowa? Maji ya jioni hapa ni uji."

"Gogo, kaa," mwenyekiti akasema. "Hii ni sayansi. Si kusoma matumbo ya mbuzi."

Kanisa zima likacheka. Yule mama akangoja kicheko kiishe. "Matumbo ya mbuzi," akasema, "angalau mtu anapasua akaangalia."

Halafu akanitazama. Hakunitaja, alinitazama tu, akaniachia mlango wazi nipite mwenyewe. Ningesema neno moja. Nikainama nikafunga vifungo vya sweta ya Chebet, na vilikuwa vimefungwa tayari.

Injini ikaanza kuwashwa jioni. Maji ya bomba yalikuwa na rangi kidogo. Watu wakasema ni mabomba mapya, yataoshwa. Nilijua si mabomba. Dawa inayowekwa kwa maji safi, ukiiweka kwa maji ya matope inaisha kupigana na matope, haifikii viini. Hiyo nilikuja kuelezwa baadaye. Lakini kwamba maji ni machafu nilikuwa najua, na nilikuwa nachemsha siku nikipata kuni kavu, na siku sikupata sikuchemsha.

Alhamisi Chebet aliharisha. Ijumaa ikawa damu. Tulimpeleka zahanati, zahanati wakatutuma hospitali Kericho, na muuguzi akatafuta mshipa kwa mkono, akatafuta kwa mguu, akatafuta kwa kichwa. Jumamosi saa nne asubuhi aliacha kutafuta. Sitakwambia zaidi ya hapo. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja mjukuu.

Siku iliyofuata watu walijaa nyumbani kwa maombi. Gogo akaja, akakaa kando yangu kwa mkeka. Nilikuwa tayari anitukane. Nilitaka anitukane. Akaniambia kwa sikio, "Machozi baadaye. Saa kumi na moja Kiprono anawasha injini."

Sikuelewa.

"Wako amelala, harudi," akasema. "Wa jirani yako Mama Faith wako kwa foleni na mitungi sasa hivi. Inuka."

Mwanangu, niliinuka na leso kichwani nikashuka ile njia ambayo sikuwa nimeishuka jioni msimu mzima. Mto ulikuwa mwekundu umefika kifua cha rula. Nikamwambia Kiprono asiwashe. Akadhani ni uchungu umenipanda kichwani, akanishika bega: "Pole, mama, rudi nyumbani." Nikamwambia zile namba ni za uongo, niliziandika jikoni. Akaiacha injini bila kuiwasha. Nikapanda mpaka kwa tenki nikawaambia wale wa foleni, mmoja mmoja, kwa sababu sauti ya kupaza haikuwepo. Mama Faith alimwaga mtungi wake miguuni pangu.

Rotich alikuja mazishini. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamuuliza na yeye, mwenye gari na buti za mvua, kwa nini hakushuka jioni hata moja, miezi yote ile. Bado nina hasira naye, na mwenyekiti pia, na kila aliyecheka. Lakini hasira kubwa inalala kitandani kwangu na kuamka na mimi.

Siku hizi injini inawashwa asubuhi. Mto wa kompyuta ulifanywa upya, na namba za jioni ni zangu tena, niliomba mwenyewe, bila malipo. Kuna akina mama hawanisalimii kanisani. Wana haki.

Kwa hivyo nisikie. Siku utapewa daftari, la mto, la dawa, la watoto wa shule, lolote lile, andika ulichoona. Kama hukuona, acha nafasi tupu. Nafasi tupu si aibu, Cherop. Inamwambia mwenye hesabu: hapa hatujui, ogopa. Namba ya uongo inamwambia: hapa pako salama, pita. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, mbele ya watu, hata kama wanakupigia makofi. Mficha maradhi kifo humfichua, na hakimfichui yeye peke yake.

Mungu akupe ulimi usioogopa kusema "sikwenda." Akupe mtu mzima wa kukuaibisha mapema, na akili ya kumshukuru. Uzae, ulee, uzikwe na watoto wako, usiwazike wewe. Amina, mwanangu.