Alizeti Zilizotoa Kisogo

Kabla droni haijafika Ilongero, hakukuwa na sherehe iliyoanza bila Damiani. Mchungaji angeweza kuwa ameshasimama, bwana harusi anatoka jasho ndani ya koti la kuazima, na wote wangesubiri mpaka Damiani aseme, "Haya, endeleeni." Alikuwa na kamera moja ya kubeba begani, aliyoipata kwa magunia ya mtama ya misimu miwili, na kwa kamera hiyo watu wakampa jina: Damiani Video. Alipiga kipaimara, alipiga sendofu, alipiga mpaka mazishi ya watu wenye uwezo. Popote alipofika alikuta sahani yake ya pilau imeshafunikwa, na juu ya wali kuna paja la kuku, siyo shingo.

Halafu akaja Jenipher.

Jenipher ni binti wa Mwankoko, pale Singida mjini, miaka ishirini na mitatu, mwembamba, anatafuna bigijii hata mbele ya wakubwa. Alikuja na droni kwenye begi jeusi, na kibali chake cha kuirusha amekivalisha plastiki kama cheti cha ndoa. Siku ya kwanza aliporusha kitu kile kwenye harusi pale Ilongero, watu waliacha kumtazama bibi harusi wakatazama juu. Damiani naye, kamera begani, akajikuta anapiga picha za watu wenye videvu vilivyoinuka. Siku ile hakula. Alisema tumbo linamsumbua.

Tangu hapo kila kitu cha yule binti kilimchoma. Kilimchoma kicheko chake. Kilimchoma kile kishikwambi chake, kwa sababu Damiani, ili akate na kuunga video zake, alilazimika kwenda mjini kwenye kompyuta ya rafiki yake na kungoja zamu siku tatu, wakati Jenipher alikaa popote, hata juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapitisha kidole kwenye kioo mara mbili tatu, kazi ikaisha. Watu walipomwita Damiani kwa jina lake la kazi aliitika, lakini moyoni aliona kama wanamwita marehemu.

Mwaka huu, alizeti ilipochanua, chama cha wakulima wa alizeti kilipata nafasi ambayo hakijawahi kuipata. Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha kukamua mafuta kule Dodoma alitaka chama kimoja tu cha kumuuzia mbegu msimu mzima. Walibaki wawili: wao, na watu wa wilaya nyingine. Tajiri alisema hataki hotuba. Anataka kuona mashamba, aone kama kweli yanatosha kushibisha mashine zake. Kila chama kingeonyesha video ya dakika kumi.

Mwenyekiti, Mama Sikudhani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliita kikao. Damiani alikaa mbele kabisa, shati limepigwa pasi.

"Kupiga atapiga Jenipher," Mama Sikudhani akasema. "Damiani utamsaidia. Utapiga zako za chini, na kule Dodoma utarekodi mkutano."

Utamsaidia. Neno hilo Damiani alilala nalo na kuamka nalo.

Asubuhi ya kupiga, Jenipher alichagua kusimama barabarani, magharibi mwa mashamba, ili droni iruke kuelekea jua linalochomoza. Alitaka lile jua jekundu liwe ndani ya picha. Damiani alipoona hivyo alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Maana Damiani alikulia kwenye alizeti. Utoto wake wote aliumaliza humo akifukuza ndege kwa kopo na fimbo. Alijua kitu ambacho mtoto wa mjini hawezi kukijua: alizeti ikiwa changa hulifuata jua kutwa nzima, lakini ikishakomaa hugoma. Huganda inatazama mashariki, shamba zima, kama watu kanisani. Anayeitazama akitokea magharibi haoni njano. Anaona visogo vya kijani.

Droni ikaenda mara tatu kuelekea jua, ikarudi mara tatu. Jenipher macho yake yalikuwa juu, mkono mmoja umekinga uso. "Kaka Damiani, umeliona lile jua lakini?"

"Nimeliona," akasema Damiani. "Zuri sana."

Akaenda zake kwenye shamba la mama yake, Agripina, akapiga alizeti za mstari wa mbele, akizitazama usoni. Moyoni alikuwa anacheka mwenyewe.

Kesho yake walipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Singida. Mkutano ulikuwa saa tano. Jenipher aliahidi kwamba wakishuka Dodoma video itakuwa tayari, angeitengenezea njiani. Begi la droni konda alilikataa ndani, akalisukumia kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu na matenga ya kuku. Video zote Jenipher alikuwa ameshazinakili kwenye kishikwambi, kwa hiyo hakujali. Mama Sikudhani alikaa kiti cha mbele yao, Jenipher dirishani, Damiani pembeni yake. Kwa hiyo hakuwa na pa kutazama isipokuwa kwenye kile kioo.

Na alitazama. Jamani, alitazama. Aliona jinsi binti anavyotengeneza kwanza nakala nyepesi za video zile nzito, akawa anakata hizo nyepesi ili kishikwambi kisichemke wala kukwama, kisha zile nzito zinakuja kukaa mahali pake mwishoni. Basi liliruka tuta, kidole kikateleza, akarudisha nyuma hatua moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Damiani alifikiria siku zake tatu za kungoja zamu. Alifikiria mara ngapi umeme ulikatika kazi ikiwa nusu.

Walipopita Ikungi kishikwambi kikagoma. Nafasi imejaa.

"Sasa nifute nini?" Jenipher akajisemea. Kisha akageuka. "Kaka, kuna hizi tatu za kurudi. Huwa narekodi droni ikiwa inarudi, ili ikianguka nijue imeangukia wapi. Sizitazamagi hata. Nizifute?"

Damiani alizitazama zile picha ndogo tatu kwenye kioo, na akili yake ikafanya kazi upesi kuliko kishikwambi. Droni ikirudi hugeuza uso kuelekea kwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa magharibi. Kwa hiyo njia nzima ya kurudi kamera ilitazama magharibi, jua likiwa mgongoni, na alizeti zote zikiitazama usoni.

"Futa," akasema. "Nani anataka kuona kitu kinarudi nyumbani?"

Jenipher akacheka, akafuta.

Damiani akaegemea kiti. Kwa muda wa kama nusu saa alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ndani ya lile basi. Akanunua mahindi ya kuchemsha dirishani, akamgawia binti kipande.

Walipopita Issuna Jenipher aliacha kukata na kuunga. Alipeleka video mbele, akairudisha. Akaikuza kwa vidole viwili. "Mbona haya maua hayana nyuso?" akasema polepole.

Mama Sikudhani alipinda shingo juu ya kiti. "Hebu nione." Akaona. "Jenipher mwanangu, hii ni alizeti ya wapi? Mbona kama umepiga mchicha?"

"Ni yetu, mama. Ni ileile."

"Tajiri anataka kuona alizeti, wewe unampelekea majani. Wale wenzetu watakuja na njano ya kuumiza macho. Sisi tutasema nini? Tutamwambia ageuze kichwa?"

Jenipher alirudisha video mwanzo. Bigijii ilikuwa imesimama shavuni. Kisha akafanya jambo ambalo Damiani hakulitegemea. Akamgeukia yeye, siyo kwa majivuno, kwa unyonge kabisa. "Kaka Damiani, wewe ulipiga za mbele. Nipe kadi yako. Tutumie zako."

Hayo ndiyo maneno aliyoyaota mwaka mzima. Alitoa kadi kwenye kamera, na binti akaiunganisha. Damiani akaziona alizeti zake kwenye kioo kile, karibu na zile za Jenipher.

Zilikuwa tano. Sita ukihesabu iliyokatwa nusu na ukingo. Njano ndiyo, lakini rangi imepauka, na nyuma yake hakuna kitu ila majani na kona ya kanga ya mama yake, aliyekuwa amejisogeza makusudi ili aonekane. Pembeni, video ya Jenipher ilikuwa inacheza bila kuzimwa: mashamba kwa mashamba, nchi nzima imejipanga mistari, ukungu unapanda, na jua. Visogo vitupu, na bado vilikuwa vizuri kuliko nyuso zake. Hapo wivu ulimkamata vibaya, kuliko siku zote. Hata kosa la huyu mtoto linapendeza, akawaza. Hata akikosea ananishinda.

"Zinafaa," Jenipher akasema, na Damiani alijua anamhurumia.

"Zinafaa maua," Mama Sikudhani akasema. "Lakini ukubwa wa mashamba hauonekani. Atadhani tuna bustani." Akageuka mbele, akajifunga kanga upya kama mtu anayekwenda msibani.

Simu ya Damiani ikaita. Alikuwa mama yake. Alizungumza Kinyaturu kwa sauti ambayo basi zima lilisikia, lakini alichouliza kilikuwa kidogo tu: shamba lake limeonekana? Alilipalilia mara tatu mwaka huu. Na je, huyo tajiri atachukua, ili mwaka huu wasibebe magunia kuuza kwa walanguzi?

"Bado tunatengeneza, mama," Damiani akajibu, akakata simu.

Basi lilisimama Manyoni. Konda, kijana aitwaye Ignas, akatangaza, "Dakika kumi. Anayekojoa akojoe, anayenunua anunue. Tukiondoka hapa hatusimami tena mpaka Dodoma."

Abiria wakashuka. Damiani hakushuka. Alitaka kusema, lakini kusema kulikuwa na maana mbili tu: aonekane mjinga, au aonekane mchawi. Alitafuta maana ya tatu, hakuipata. Nje, Ignas alikuwa ameshaanza kupiga ubavu wa basi kwa kiganja.

"Za kurudi," Damiani akasema.

"Nini?"

"Zile za kurudi. Alizeti iliyokomaa inatazama mashariki. Droni ikirudi ilikuwa inazitazama usoni. Njano yako iko humo."

Jenipher alimkazia macho. "Nilizifuta. Wewe ulisema nizifute."

"Umefuta kwenye kishikwambi. Kwenye kadi ya droni zipo."

Binti hakungoja neno la pili. Alimruka magoti akashuka, na Damiani nyuma yake.

"Dada, buti halifunguliwi kabla ya Dodoma," Ignas akasema. "Begi lako liko chini ya vitunguu. Na juu ya vitunguu kuna kuku."

"Kaka yangu, nisaidie, nakuomba."

"Kuku wa watu hao. Wakitoroka utawakimbiza wewe?"

"Nitawakimbiza mimi," Damiani akasema, na alikuwa ameshashika komeo.

Alishusha matenga mawili, akashusha magunia manne, shati la pasi likawa la mbebaji. Abiria walitoa vichwa madirishani. Mmoja akauliza kama huyo baba amesahau meno yake ya bandia humo ndani. Jogoo mmoja alimdonoa kidoleni kupitia tundu la tenga. Alipolivuta begi, Jenipher alilinyakua mkononi mwake bila asante.

Ndani ya basi aliingiza kadi, akafungua ya kwanza. Damiani alitazama kwa pembe ya jicho. Njano ilijaa kioo mpaka ikamulika kidevu cha binti. Maelfu kwa maelfu ya nyuso, zote zimeinuliwa, droni inapita juu yake polepole kama mgeni rasmi. Katikati ya njano hiyo, kidoa kimoja chenye kanga kilikuwa kinapunga mkono.

Mama Sikudhani alisimama kabisa kwenye kiti. "Hiyo. Hiyo ndiyo Ilongero."

Jenipher alianza kukata, vidole vinakimbia. Basi lilipokuwa linashuka mlima wa Saranda, kwenye kona zile, bila kuinua macho akauliza kwa sauti ndogo ambayo mwenyekiti hakuisikia, "Ulijua tangu lini?"

Damiani angeweza kusema amekumbuka sasa hivi. Uongo ulikuwa tayari, umeshakaa kwenye ulimi. "Tangu shambani," akasema.

Jenipher aliburuta kiwiko chake mbali na cha Damiani.

Video iliisha betri ikiwa imebaki kidogo sana, na walipoingia ukumbini wenzao wa wilaya ile nyingine walikuwa wanamaliza. Damiani alisimama nyuma na kamera yake begani, kurekodi mkutano kama alivyoagizwa. Njano ilipofunguka ukutani alisikia watu wanavuta pumzi. Tajiri aliomba irudiwe. Baada ya kuirudia aliuliza ekari ni ngapi, kisha akamwita Mama Sikudhani pembeni, na mama yule alirudi akiwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Wamechaguliwa.

Makofi yote yalikwenda kwa Jenipher. Damiani aliyarekodi kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na kila moja lilimpata. Alikuwa anangoja binti aeleze habari ya zile za kurudi, ajue moja, lawama au sifa. Binti hakueleza kitu. Hilo nalo likamuuma: kwamba hata moyo, huyu mtoto anao mkubwa kuliko wake.

Nje, Mama Sikudhani aliwanunulia soda. "Mwezi wa tano tunapiga mavuno," akasema. "Jenipher, utahitaji mtu anayejua mashamba."

"Nitatafuta, mama."

"Si huyu hapa?"

Jenipher alimtazama Damiani kwa muda mrefu, chupa mdomoni. "Huyu, mpaka awe anasema anachokijua kabla sijarusha."

"Nitasema," Damiani akasema.

"Sema basi sasa nikusikie."

Damiani aliangalia begi jeusi mgongoni mwa binti. Alilitamani bado. Alitamani liwe lake, liwe mgongoni mwake, na yule binti awe hajazaliwa. "Mwezi wa tano alizeti inainama," akasema, na kila neno lilimtoka kama jino. "Ukiruka juu hutaona kitu. Shuka chini, usawa wa kiuno, uitazame kutokea chini."

Jenipher akatoa kishikwambi, akaandika.