Kesi ya Tabu na Delfina Mashambani Kanja

Katika Kanja nzima hakukuwa na mtu aliyependa haki kama Wambura, hasa haki ikiwa upande wake. Aliolewa huko akitoka kwao Mbeere kwenye joto, wakati ambapo hata barabara ya lori ilikuwa haijafika. Akalima, akamzaa Stephen na wadogo zake, akamzika mama mkwe kwa heshima zote, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kushindwa katika mabishano. Majirani walidhani ni kwa sababu ya busara. Mumewe, Njeru, alijua ni kwa sababu ya pumzi.

Njeru huyo alikuwa dereva wa lori Nairobi. Alipostaafu, katikati ya miaka ya tisini, alirudi na televisheni ndogo isiyo na rangi, ya kutumia betri ya gari. Kwenye mteremko wao ilikuwa ya kwanza. Betri ilibebwa hadi sokoni kuchajiwa, na ikirudi ilikuwa na nguvu kidogo tu. Picha huanza kusinyaa kutoka kandoni mpaka watu wanabaki wamebanwa katikati kama mbuzi wanaochungulia dirishani. Kwa hivyo Wambura aliweka sheria. Betri ni ya mchezo wa kuigiza wa Jumapili jioni, basi. Njeru, ambaye alinunua kile chombo ili aone taarifa ya habari, akawa anasikiliza taarifa kwa redio yake ya zamani, nje, karibu na zizi, pamoja na ng'ombe.

Mchezo ulihusu marafiki wawili wa mjini, Tabu na Delfina, waliopendana tangu shule. Wanawake wa kikundi cha kuchuma kahawa walikuja wote kuutazama. Kikundi hicho kilikuwa cha kusaidiana: leo tunachuma kwa fulani, kesho kwa fulani, zamu kwa zamu, hakuna wa kulipwa, ila uji na chakula cha mchana. Jumapili waliketi sakafuni kwa Wambura wakiwa wameoga na kupaka mafuta, kama watu waliokwenda kumtembelea mgonjwa mwenye cheo.

Sasa Jumapili moja mtoto wa Delfina akalazwa hospitalini. Tabu akajaza kikapu mkate, maziwa na machungwa, akampelekea rafiki yake. Baadaye Tabu akaonekana saluni, kichwa kikiwa chini ya mashine ya kukausha nywele, akisimulia jinsi alivyokuta nyumba ya Delfina haina hata unga. Halafu Delfina akarudisha kikapu. Akakiweka mezani kwa Tabu, bila neno, akaondoka. Kikapu kilikuwa kitupu.

Upande huu wa mlima, kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Ukikosa cha kuweka utaweka ndizi moja, au konzi ya maharagwe, au chumvi kidogo ndani ya karatasi. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe asikanyage kwako tena. Labda waliotengeneza mchezo ule Nairobi hawakuwaza hayo kabisa. Labda kwao kikapu ni kikapu. Wazo hilo halikuingia katika kichwa cha mtu yeyote nyumbani kwa Wambura. Mtu akasema "Uuui!" na chai ikamwagika.

Kesho yake walikuwa wakichuma kwa Purity, mwenyekiti wa kikundi.

"Mimi nimesema na sitarudia," alisema Wambura, akarudia. "Delfina ni mtu mbaya. Umelishwa, mtoto wako amepona, halafu unarudisha kiondo kina upepo peke yake?"

"Na saluni je?" aliuliza Muthoni kutoka mstari wa pili. Muthoni alikuwa jirani wa Wambura, boma kwa boma, na rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa maharusi wasiojua njia ya mtoni.

"Saluni imefanya nini?"

"Tabu ametangaza njaa ya mwenzake mbele ya wanawake wenye rola kichwani! Mama Stephen, hebu niambie, wewe ungeweka nini ndani ya hicho kiondo? Asante?"

"Ningeweka ndizi!"

"Hana unga, ndizi atatoa wapi? Kwani Nairobi migomba inaota kwenye lami?"

Wanawake wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa maana Wambura aliweza kuvumilia kujibiwa, lakini kuchekwa hapana.

"Ndiyo maana wewe unamtetea," akasema. "Watu wasio na shukrani wanajuana kwa harufu."

Muthoni alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akahamia mstari wa mbali.

Purity, ambaye hata kukohoa alitaka kuwe na kikao, alisema jambo lipigiwe kura. Mikono ikainuliwa ikiwa imejaa kahawa. Ikawa nusu kwa nusu, na mama mmoja aliyekuwa na mkwe kila upande akainua mara mbili. Tangu siku hiyo kikundi kikawa vikundi viwili. Watu wa Tabu hawakuwasalimu watu wa Delfina mtoni, na kanisani walikaa mbalimbali kama waliobatizwa kwa maji tofauti. Ilisemekana Muthoni amempa mtamba wa ng'ombe wake jina la Tabu ili apate wa kumchapa. Jumapili zilizofuata watu wa Delfina walienda kutazama sokoni, kwa hoteli ya Rwamba, kwenye stima isiyoisha kama betri na televisheni ya rangi, wakarudi wakisema kwamba kwa rangi uongo wa Tabu unaonekana wazi zaidi.

Hayo yote Wambura angeyabeba. Lakini zamu yake ilikuwa inakaribia, Jumanne ya wiki iliyofuata, na kahawa yake ilikuwa imeiva mteremko mzima, nyekundu kama damu. Isipochumwa ingekauka mtini iwe mbuni, ile kahawa nyeusi ya bei ya chini, na kiwanda kilitaka nyekundu tu, tena kwa siku yake. Watu wa Tabu peke yao wasingeumaliza mteremko ule. Na watu wa Delfina walikuwa wametangaza, kupitia mdomo wa kila aliyepita njiani, kwamba hawaingii shamba la mtu aliyewaita wasio na shukrani.

"Lakini Mama Stephen," Njeru alithubutu kusema wakati wa chakula, "hao wasichana si wanaigiza tu? Ni kazi yao. Pengine saa hii wanakula pamoja."

Wambura alimwongezea chakula. "Baba Stephen, wewe umeendesha lori. Mambo ya watu tuachie sisi."

Njeru akachukua kofia yake, akaenda kwa Muthoni kujaribu huko. Muthoni alimpa chai na nduma za kuchemsha, akamwambia kwamba yeye ni mzee mzuri sana lakini hajui dunia. Kwa jambo hilo moja wanawake wale wawili walikuwa bado wanakubaliana. Ila aliporudi, Njeru alikaa kwenye kigoda bila kuwasha redio.

"Anasema si Tabu," alisema. "Anasema ujiulize juu ya ile surua ya Lorna."

Lorna ni kifungua mimba wa Muthoni. Mwaka wa njaa, ule wa themanini na nne, alishikwa na surua karibu afe, na Wambura alimpelekea Muthoni kiondo cha mtama na njugu kutoka Mbeere.

"Nijiulize nini tena?" alisema Wambura. "Nilimsaidia, au sikumsaidia?"

"Ulimsaidia. Halafu ukasimulia sokoni kwamba umekuta wanachemsha maji matupu. Anasema alizunguka akiomba nduma kwa watu, ili kiondo chako kisirudi bila kitu."

Wambura alikuwa na kumbukumbu ndefu. Alikumbuka kile kiondo, mistari yake, na jinsi zile njugu zilivyokuwa kubwa. Alikumbuka hata nduma, na kwamba aliziona ni ndogo akasema hivyo. Mambo ya sokoni ndiyo yaliyokuwa yamemtoka, kwa sababu hakuyaita kusema mtu, aliyaita kuzungumza. Aliinuka akaenda kuangalia kahawa, akakaa huko mpaka Njeru akadhani amekwenda kuanza kuchuma peke yake.

Jumatatu wote walikuwa kwa shamba la mjane mmoja ambaye pande zote mbili, kwa kumwogopa Mungu, hazikuthubutu kumkosea. Wakati wa uji Wambura alisimama. Watu wa Tabu wakaitikia kwa vichwa, wamefurahi, wakijua Delfina sasa atapondwa.

"Tabu alikosa," alisema Wambura. "Kumsema rafiki yake saluni alikosa. Na mimi nilikosa sokoni, mwaka ule wa njaa, nikimsema Mama Lorna. Nilisema mbele ya watu, nayasema haya mbele ya watu."

Akakaa. Muthoni alikuwa ameshika kikombe mdomoni lakini hanywi.

"Mama Stephen!" Purity aliruka. "Umetuuza! Wiki zote hizi sisi tunamtetea Tabu mpaka sauti zimekauka, halafu wewe unamtoa hivi hivi, bila hata kikao?"

"Nimemtoa."

"Basi kesho ujichumie!"

Ndivyo Wambura alivyokaa bila watu wake, na bila kujua kama ana wengine. Muthoni alimaliza uji, akaosha kikombe, akarudi mstarini.

Jumanne, ukungu ukiwa bado chini, Muthoni aliingia kwa geti na debe mkononi, na watu wa Delfina nyuma yake. Hakusalimia sana. Aliuliza tu, "Tunaanzia juu au chini?"

"Chini," alisema Wambura, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka Njeru akageuka kuangalia ni nani.

Watu wa Tabu nao walikuja, lakini walisimama barabarani, mikono imekunjwa, ili washuhudie usaliti. Kutoka huko walitupa maneno: kwamba saluni ni mahali pa kuongea, kwamba Tabu alikuwa na uchungu. Watu wa Delfina wakajibu kutoka ndani ya kahawa, lakini majani yalimeza maneno. "Ati nini?" Purity akapaza sauti. "Hebu rudia!" Akasogea ukingoni, kisha ndani kidogo, ili asikie vizuri anachokataa. Wenzake wakamfuata. Na mtu wa Kanja hawezi kusimama ndani ya kahawa iliyoiva mikono ikiwa imekunjwa. Mkono unakwenda wenyewe. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wametapakaa mteremko mzima, wakitukanana na kuchuma, madebe yakijaa, na Njeru akiyabeba mbio kwenda kwenye magunia.

Wambura na Muthoni walikuwa kwenye mti mmoja.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Muthoni. "Unaumwa?"

"Nachuma."

"Huna hata neno moja juu ya yale Purity anasema?"

"Ninalo," alisema Wambura. "Ninayo mengi. Lakini kahawa kwanza."

Muthoni akacheka, akalivuta tawi la juu, akaliinamisha mpaka likamfikia Wambura.