Nusu ya Mama Mdogo

Dawa za mama zilipoacha kufanya kazi, mtu wa kwanza niliyemlaumu alikuwa daktari. Nilimfokea pale pale kwenye kliniki yake mjini Kisii, mzee wa watu, miwani ikimteremka puani. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia mama anakonda tena, vidonda vya mdomoni vimerudi, na dawa anameza kila siku. Aliniacha nimalize.

"Anameza zote?" akauliza.

"Zote! Si mimi ndiye ninayekaa naye?"

Mama akatazama dirisha.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, na huku kwetu dawa za ukimwi zilikuwa jambo la kusikia tu. Zetu zilitumwa na mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo. Kwa miezi mingi zilikuwa zimemrudisha mama kwenye shamba lake la majani chai, upande wa Nyamira, akichuma na kutania majirani. Sasa daktari alisema virusi vimeizoea ile dawa, haiviwezi tena. Ilibaki njia moja, kumwanzishia dawa nyingine za kuchanganya. "Lakini dozi ikikatwa, mama, hizi nazo zitashindwa. Na baada ya hizi sina kitu."

Jioni alinipa sahani ya mama mdogo nipeleke, kama kawaida.

Mama mdogo alikuwa mke wa pili wa marehemu baba, nyumba yake upande wa pili wa ua. Baba aliwaachia wote wawili ugonjwa ule ule. Tangu mazishi hawakuwa wakisemezana, ukewenza ni ukewenza. Lakini tangu mwaka uliopita mama alikuwa akimpelekea chakula kila jioni, na mimi nikawa namsifu kanisani jinsi moyo wake ulivyolainika. Jioni ile, swali la daktari likinizunguka kichwani, nilisimama uani nikafunua sahani. Chini ya obokima, ule ugali wetu wa wimbi, palikuwa na kidonge kimefungwa kwenye kipande cha nailoni.

Jamani! Siku zote hizo nimekibeba kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilirudi jikoni nikiwaka. Mama hakukana.

"Nile peke yangu, mwenzangu akifa hapo mlangoni? Nikaona nusu kwa nusu tutasukuma siku."

"Hamkusukuma siku, mmeiharibu dawa!"

"Sasa najua," akasema. "Kwani nilisomea udaktari?"

Nilimwandikia mjomba nikamweleza habari za mama mdogo. Akajibu kwamba hizo mpya atazipata za dada yake tu, na hata hizo kwa shida. Nilisoma barua ile mara mbili na, niseme ukweli, moyo wangu ulitulia. Dawa zilipofika nilizifungia sandukuni mwangu. Asubuhi na jioni mama alimeza nikimtazama, kisha nikamwambia afungue mdomo nione, kama mtoto. Alifungua, ila hakunitazama machoni.

Jioni ya kwanza nilimpelekea mama mdogo chakula chake. Aliinua obokima kwa vidole, akaangalia chini yake, akairudisha polepole.

"Ni mimi nimekataza," nikasema.

"Umefanya vizuri. Nilimfuata kwa siri nikamwambia aache, hasikii." Akaanza kula. "Mwambie mboga yake ya chinsaga leo imeiva vizuri."

Mama mdogo alifariki kabla mwaka haujaisha. Mama, ambaye sasa alikuwa amenenepa tena, ndiye aliyemwosha, na hakukubali mtu mwingine amguse. Wiki chache baadaye tulikuwa shambani tunachuma chai, yeye na mstari wake, mimi na wangu, akaniambia bila kuinua kichwa, "Umeniokoa, najua. Ila usiningoje nikushukuru."

Sijamngoja. Mama angali hai, ana wajukuu, na ananikemea mpaka leo. Mama mdogo nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba. Na ningeulizwa tena, Mungu anisamehe, ningemchagua mama.