Mkasi Nilioufuata Motabotini

Wanaoniuliza hapa Mchafukoge kwa nini siendi tena Rufiji huwaambia kule kuna mbu. Ni uongo. Leo nasimulia safari yenyewe, nanyi mtanihukumu.

Nilikwenda kwa ajili ya vyerehani. Tajiri wangu, Mhindi ambaye nilikuwa nikishona kanzu kwenye baraza ya duka lake, alikuwa na ndugu Utete aliyehitaji vyerehani vitatu na fundi wa kuvifunga. Nikavaa kofia yangu mpya ya kiua, maana mtu wa mjini hasafiri ovyo.

Alfajiri tuliondoka Feri kwa motaboti, mimi na nahodha Mshamu. Kesho yake tukaingia mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na viboko walitutazama bila haraka.

Siku ya tatu, adhuhuri, injini ilichemka tukafunga boti kwenye mji mdogo, kabla ya kufika Utete. Jina lake silitaji. Alitupokea Salehe, mwenye mgahawa ukingoni. Alipojua kwamba baba yangu alikuwa Mnyamwezi, akapiga makofi.

"Kumbe mtani! Nilisikia harufu nikadhani ni injini."

"Harufu ni ya mji wako," nikamjibu.

Utani nilikuwa naujua kwa faida yake tu. Nikamshika jogoo wake mkubwa, nikamfunga miguu, nikamweka motabotini, nikasema ni wangu. Hakuna aliyenikataza, mtani hakatazwi. Mama yake Salehe, Bibi Tatu, alikuwa mgonjwa ndani. Nikaingia kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi wa jogoo? Haya, mle. Ila utanizika."

"Nitakukatia sanda kwa mkasi wangu, na kaburi nitachimba mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umesikia, Salehe? Sasa nina mtani wangu."

Asubuhi yake niliamshwa na vilio. Bibi Tatu alikuwa amefariki. Salehe akanijia, macho mekundu, jembe mkononi.

"Mtani, watu wanakungoja. Hapa hatuna mtani mwingine. Bila wewe nani atawachekesha wafiwa?"

Nilikuwa sijawahi kukata sanda, wala kusimama kaburini nikitania watu wanaolia. Nikasema, "Nakwenda motabotini kuchukua mkasi."

Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu.

Mshamu alikuwa keshatengeneza injini. Nikamwambia tuondoke. Akanitazama, akawasha. Nilipogeuka nilimwona Salehe ukingoni na jembe lake, akinipungia mkono. Alidhani boti imekatika kamba. Jogoo alikuwa miguuni pangu.

Utete nilifunga vyerehani vibaya, ikabidi nivirudie. Jogoo nilimwachia Mshamu. Siku ya kurudi, tulipoukaribia ule mji, nililala chali chini ya turubai hadi tulipoupita. Mtu mzima, fundi wa watu. Hapo ndipo nilipojionea haya kweli.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi, Salehe alisimama mbele ya cherehani changu. Alikuja mjini kununua sufuria. Niliogopa, lakini nilifurahi pia: nikajua atanitukana kiutani, atabeba kitambaa changu, na mambo yataisha.

"Salaam aleikum, bwana fundi," akasema. "Habari za nyumbani?"

"Njema. Na bibi..."

"Tulimzika alasiri. Tulikungoja ulete mkasi, lakini maiti haingoji."

Nikavua kofia yangu, ileile ya kiua, nikamnyooshea. "Ichukue, mtani. Chukua chochote."

Akaitazama kofia, akaniangalia usoni kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni.

"Ahsante, bwana," akasema. "Kofia ninayo."

Siku ile nilifahamu kwamba utani una jogoo na una jembe, na asiyeshika jembe huitwa bwana.