Chupa ya Maji ya Mto wa Fisimaji

Ukiingia jikoni kwa Verlene Stokes, lazima jicho liende kwenye rafu iliyo juu ya friji. Pana chupa nyingi ndogo, za plastiki na za glasi, nyingine za dawa ya kikohozi, zote zimejaa maji na kila moja imebandikwa plasta yenye jina. Mchungaji wake alipokuja kumjulia hali, aliuliza kwa heshima kama hayo ni maji ya kuombea wagonjwa.

Verlene alicheka mpaka akashika meza. "Ni maji ya michezo, mchungaji. Ile boti ya volkano waliyoivunja, unaikumbuka? Basi ndiyo hiyo hapo pembeni."

Watu wa aina yake wako wengi huko Kissimmee, mji wa bustani za burudani, na hawahitaji kuelezwa. Bustani ya burudani inapofunga mchezo wa zamani, kama safari ya boti, wanaoupenda huenda kuupanda mara ya mwisho. Boti ikifika penye giza, mtu anainama kama anafunga kamba ya kiatu, anazamisha chupa, anaifunga na kuitia kwenye soksi. Hairuhusiwi. Wafanyakazi wanaona na wanageuza nyuso.

Maji hayo yana harufu yake. Ni ya dawa ya kuulia vijidudu, ila si ile ya bwawa la kuogelea, halafu imechanganyika na ukungu na grisi. Mara moja chupa ilimwagika jikoni, na mbwa wake Gumbo, ambaye hula hata sabuni, alinusa, akapiga chafya, akaenda kulala chini ya kochi.

Verlene alizaliwa huko huko, baba yake akiwa mchuma machungwa. Alipokuwa mdogo mama yake, Opal, alimpeleka sinema kutazama Fisimaji Mdogo. Ilikuwa katuni ya siku zile, iliyochorwa kwa mkono karatasi baada ya karatasi, na ukikodoa macho unaona mistari ya penseli ikitetemeka kwenye masharubu. Mtoto wa fisimaji anachukuliwa na mafuriko, mama yake anamtafuta mto kwa mto. Mtoto Verlene alikula bisi zake kimya. Aliyelia ni Opal.

Bustani ilipoijenga hadithi hiyo kuwa safari ya boti, mama na binti waliipanda mpaka wakajua kila jani la plastiki. Kwenye kona ya mwisho alisimama mama fisimaji wa mashine. Aliinua mkono wake wa manyoya, mkono ukalia kwii kama mlango usiotiwa mafuta, akamwita mwanawe.

Miaka ilipita, Opal akapata kiharusi na mdomo wake ukanyamaza. Madaktari walimfundisha kutamka, hakutamka. Verlene akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye boti, kwa kuwa hakujua pengine pa kumpeleka. Kwenye kona ile, mkono ulipolia kwii, Opal aliinua mkono wake usiopooza akaitika. Halikuwa neno. Ilikuwa sauti tu, kubwa, ya mtu aliyesikia akiitwa. Aliitika pale, na pengine popote hakuitika, hadi alipozikwa.

Tangu hapo Verlene alikwenda kila Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine zote alikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Jumapili alikaa benchi la mbele, na kwenye kona aliinua mkono kwa niaba ya mama yake.

Kwenye foleni ndiko alikofahamiana na Duane Pickett, fundi wa viyoyozi, mtu wa tumbo na kofia iliyojaa beji.

"Umechelewa, dada," Duane alizoea kumwambia. "Fisimaji wako kakuulizia, nimemwambia umepata bwana."

"Mwambie nimekuona wewe nikakata tamaa ya mabwana."

Wakitoka walikaa nyuma ya pikapu yake kwenye maegesho, wakala karanga za kuchemsha, maganda wakiyatia kwenye kofia. Duane naye mama yake alikuwa amekufa. Zaidi yake hakuna mtu aliyeambiwa na Verlene habari ya Opal na ule mkono.

Kisha Duane akaanzisha chaneli mtandaoni ya kuelezea michezo ya zamani, na watu wakampenda. Wakati huohuo ikatoka sinema mpya ya Fisimaji, ya kompyuta, na fisimaji wakawa na meno meupe kama watangazaji wa televisheni. Kila mtu alijua bustani itang'oa boti za zamani. Lini, hakuna aliyejua.

"Boti ya mwisho, benchi la mbele," Duane aliapa. "Wewe kulia, mimi kushoto. Nikisikia tu siku, nakupigia kabla sijavua viatu."

Mwezi wa kwanza dada yake Verlene, anayeishi mji wa mbali wa Valdosta, alifanyiwa upasuaji wa goti. Verlene akasitasita.

"Niende, Duane? Wasije wakafunga nikiwa huko."

"Nenda bwana, kamuuguze dada yako. Kabla ya Pasaka hawagusi kitu."

Alisema hivyo akimenya karanga. Verlene aliona kwamba alimenya karanga nyingi na hakula hata moja. Aliona, akapuuza.

Aliporudi kazini, mwenzake Marisol alimnyooshea simu yenye video juu ya rundo la taulo. "Si rafiki yako huyu? Analia kama mtoto."

Alikuwa Duane, kwenye boti, benchi la mbele, upande wa kushoto. Kulia kwake alikaa msichana mwenye nywele za waridi na kamera yake mwenyewe. Nyuma yao watu wamevaa beji za kualikwa. Ilikuwa boti ya mwisho. Duane alijipangusa macho akaiambia kamera, "Nina rafiki ambaye kona hii ni ya mama yake. Hakuweza kuja leo, masikini." Kisha akasimulia habari yote, kiharusi, kiti cha magurudumu, sauti. Mkono ukalia kwii. Duane akainua wake.

"Verlene?" Marisol alimwita. "Hilo shuka unalikunja au unalinyonga?"

Jumapili alikwenda. Alikuta njia ya kwenda kwenye boti imezibwa kwa ukuta wa mbao, umechorwa fisimaji wa meno meupe.

Duane alikuja baada ya siku chache, kofia mkononi, akasimama mlango wa jikoni.

"Watu wa bustani walinisainisha nisiseme siku, dada. Ningefungua mdomo wangenifuta kwenye orodha ya waalikwa."

"Kunyamaza ningekuelewa. Wewe uliniambia niende."

"Nilijua ukiwepo utaona usoni kwangu."

"Walikuruhusu uje na mtu?"

Duane aliangalia kofia. "Mmoja."

"Mwenye nywele za waridi."

"Ana watazamaji wengi, Verlene. Nilidhani ningekuja kukueleza vizuri."

"Umewaeleza wao. Mama yangu umemtoa mtandaoni kama tangazo la sabuni." Hakupaza sauti. "Nilitaka kumwitikia mara ya mwisho tu. Basi."

Duane alitoa chupa mfukoni, amekwisha kuibandika plasta: Mto wa Fisimaji. "Nimekuchotea. Pale pale kwenye kona. Nilikufikiria wewe tu."

Verlene aliipokea. Kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea, na ingawa Duane alikuwa amemdanganya kuhusu mengine, labda hapo angemsamehe nusu. Alifungua kifuniko, akaisogeza puani. Akanusa tena.

"Umechota kwenye kona."

"Naapa."

Alichukua bakuli la Gumbo sakafuni, akamwaga maji yote ndani, akaliweka katikati yao. Mbwa alitoka chini ya kochi, akanusa, akaanza kulamba. Alilamba kwa raha, ulimi ukipiga chapu chapu, mpaka bakuli likasukumwa hadi kwenye kiatu cha Duane.

"Walikuwa wananirekodi," Duane alisema. "Nikasahau. Nikajaza kwenye bomba la choo, pale maegesho."

Verlene alibandua ile plasta yenye jina, akaikunjakunja vidoleni, akamrudishia chupa tupu. Duane alipokwenda, Verlene alipanda kiti akasogeza chupa nyingine zote kwenye rafu, moja moja, mpaka pakapatikana nafasi ya moja zaidi. Pakabaki hivyo, wazi.